Vitufe vya usukani wa Hilux vinapoacha kuitika: kutafuta chanzo kabla ya kununua kifaa

Vitufe vya usukani vinapoacha kuitika, wenye pikapu wengi hukimbilia dukani kununua vitufe vingine, na wengine huambiwa gereji kwamba redio imekufa. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Katika mwongozo huu ninafuata Toyota Hilux ya kizazi cha saba, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo huku kwetu tunaiita Vigo, pamoja na ile iliyoifuata mwaka 2015, yaani Revo, kwa sababu ndizo pikapu zinazojaa barabarani na ndizo ninazozifahamu kwa mikono. Swali la kwanza, kabla ya kushika bisibisi yoyote, liwe hili: ni nini kingine kimekufa pamoja na vitufe hivyo? Jibu la swali hilo hukuonyesha sehemu ya kutafuta.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kufuata njia ya umeme. Honi, mfuko wa hewa wa dereva, vitufe vya redio na simu, na mkono wa kidhibiti mwendo (kile kinachoshikilia kasi bila dereva kukanyaga mafuta), vyote vimo katika usukani unaozunguka, ilhali nyaya za gari zinaishia kwenye nguzo ya usukani isiyozunguka. Kiungo kati ya pande hizo mbili ni kasha jeusi la plastiki, la duara, lililokaa nyuma ya usukani, ambalo ndani yake mna utepe mwembamba wenye mistari ya shaba, uliozungushwa juu yake wenyewe kama utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Usukani ukikatwa upande mmoja utepe hujikaza, ukikatwa upande wa pili hujilegeza. Mafundi wengi hukiita kifaa hiki klokspringi, na katika maduka ya vipuri utasikia pia spairo kebo. Utepe huo ukikatika au ukichubuka, kila kilichopita katika mstari ulioharibika hunyamaza.

Hapa ndipo suala la vitufe linapoacha kuwa la starehe. Waya wa mfuko wa hewa hupita katika utepe uleule. Aprili 2014 Toyota ilitangaza kuyaita magari zaidi ya milioni 6 duniani kwa marekebisho mbalimbali, na takriban milioni 3.5 kati ya hayo yaliitwa kwa sababu ya klokspringi, zikiwemo pikapu za Hilux na Tacoma, kwa kuwa saketi ya mfuko wa hewa ingeweza kukatika na mfuko usifunguke wakati wa ajali. Dereva anayeishi na vitufe vilivyokufa kwa miezi kwa kuwa redio anaweza kuiongeza sauti kwa mkono, huenda anaishi pia na mfuko wa hewa ambao hautamlinda.

Vitufe vyote kimya, honi kimya, na taa ya mfuko wa hewa inawaka

Dalili hizi tatu zikija pamoja, au zikifuatana ndani ya siku chache, klokspringi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Hata hivyo, anza na kilicho rahisi. Honi ina fyuzi yake na rilei yake, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, na katika magari haya zimo kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti. Kitufe cha honi kazi yake ni kuiunganisha rilei hiyo na ethi, yaani upande hasi wa umeme wa gari. Kama fyuzi imeungua, huenda una matatizo mawili tofauti yaliyokutana kwa bahati mbaya. Kama fyuzi ni nzima na rilei inalia inapojaribiwa, rudi kwenye usukani.

Kisha unganisha mashine ya kusomea kasoro. Msimbo B1801 maana yake ni kwamba saketi ya mfuko wa hewa wa dereva imekatika, na B1800 maana yake ni kwamba nyaya za saketi hiyo zimegusana. Msimbo wowote kati ya hiyo miwili ukionekana katika gari ambalo vitufe na honi vimekufa, shaka iliyobaki ni ndogo sana.

Jaribio jingine halihitaji mashine. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa inafanya kazi, mwombe mtu mwingine abonyeze kitufe cha kuongeza sauti mfululizo huku wewe ukizungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ikiwa sauti inapanda usukani ukiwa umenyooka lakini haipandi ukikatwa robo tatu ya mzunguko, utepe umechanika nusu na mstari wa shaba unagusana na kuachana kadiri unavyokunjwa. Zima redio na usikilize pia. Utepe uliotoka mahali pake husikika ukikwaruza ndani ya kasha, mkwaruzo mwepesi kama wa karatasi ngumu inayosuguliwa ukutani, na mwenye gari mara nyingi hukumbuka kwamba alianza kuusikia wiki kadhaa kabla ya honi kunyamaza.

Kwa nini klokspringi hukatika baada ya kazi ya mfumo wa usukani

Sehemu hii naomba isomwe polepole, kwa sababu ndicho chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko uchakavu wenyewe. Mwaka mmoja nilipeleka Vigo yangu katika gereji moja kubadilishiwa bushi za reki ya usukani, yaani chombo kinachoyakata magurudumu usukani unapozungushwa. Kazi ya bushi ilifanyika vizuri. Siku ya tatu, nikigeuza gari katika uchochoro mwembamba, nikasikia mlio mkavu ndani ya usukani, mlio mmoja tu kama wa kijiti kinachovunjika, na tangu hapo honi haikulia, vitufe vyote vikanyamaza, na taa nyekundu ya mfuko wa hewa ikabaki kuwaka.

Kilichotokea ni hesabu nyepesi. Klokspringi za magari haya huzunguka takriban mizunguko miwili na nusu kila upande kutoka katikati. Chukua usukani unaozunguka mara tatu na nusu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, yaani mzunguko mmoja na robo tatu kila upande. Hapo utepe una akiba ya robo tatu ya mzunguko. Reki inapofunguliwa na shafti ya usukani kutenganishwa, hakuna tena kinachouzuia usukani kuzunguka bure. Mtu akiegemea usukani huo, au akiuzungusha mara moja tu ili apate nafasi ya mikono yake, kisha shafti ikarudishwa bila kuurudisha mzunguko huo, klokspringi inakuwa imehama kwa mzunguko mmoja mzima. Siku dereva atakapoukata usukani hadi mwisho wa upande ule, utepe utatakiwa kufika mizunguko miwili na robo tatu, nao una miwili na nusu. Lazima ukatike.

Kinga yake haigharimu chochote. Kabla ya kazi yoyote inayotenganisha shafti na reki, nyoosha magurudumu ya mbele, toa ufunguo ili usukani ujifunge, au funga usukani kwa mkanda wa kiti uliopitishwa ndani yake, kisha weka alama ya rangi pale shafti inapoungana na reki. Nikipeleka gari gereji sasa, nauomba mkanda huo ufungwe mbele yangu, na sioni haya kuomba.

Honi inalia, taa haiwaki, lakini vitufe vimekufa tangu redio ibadilishwe

Hili ndilo kundi la pili kwa ukubwa, na tiba yake ni nafuu. Redio ya asili ya Toyota hupokea nyaya tatu kutoka kwenye usukani, ambazo katika michoro huandikwa SW1, SW2 na SWG. Mbili za kwanza hubeba taarifa za vitufe na ya tatu ni ethi yake. Redio nyingi za skrini zenye Android zinazofungwa siku hizi zina nyaya zilizoandikwa KEY1, KEY2 na wakati mwingine waya wa ethi, lakini fundi wa redio aliyekuwa na haraka huziacha zikining'inia nyuma ya dashibodi, zimefungwa kwa utepe mweusi, kwa sababu redio hutoa sauti nzuri bila hizo.

Vuta redio nje na uthibitishe kwamba SW1 imeungana na KEY1, SW2 imeungana na KEY2, na SWG imeungana na ethi. Wengi husahau huu wa tatu. Ukikosekana, vitufe vyote hubaki kimya ingawa nyaya nyingine mbili ziko sawa. Baada ya hapo ingia katika mipangilio ya redio, tafuta sehemu ya kuifundisha vitufe vya usukani, ubonyeze kila kitufe na kukipa kazi yake, kisha uhifadhi. Redio ikipoteza umeme wa kudumu kutokana na waya uliounganishwa vibaya, husahau mafunzo hayo kila gari linapozimwa, na mwenye gari hudhani vitufe vimeharibika upya kila asubuhi.

Wapo pia wanaonunua usukani wenye vitufe kutoka katika gari la daraja la juu na kuufunga katika Hilux ya kazi isiyokuwa navyo. Usukani unakaa, vitufe vinapendeza, ila klokspringi ya gari la daraja la chini mara nyingi haina mistari ya vitufe kabisa. Hakuna cha kutengeneza hapo. Kinachotakiwa ni klokspringi yenye idadi kamili ya mistari, na wakati mwingine nyaya za kuongeza hadi kwenye redio.

Kitufe kimoja kimekufa, au kinafanya kazi ya mwenzake

Vitufe vya redio katika magari haya havina waya mmoja mmoja. Vingi hutumia waya uleule, na kila kimoja hujitambulisha kwa kiasi chake cha ukinzani, yaani jinsi kinavyouzuia umeme, ambacho hupimwa kwa omu. Kwa vitufe vya aina hii vya Toyota, ukipima kati ya waya wa kwanza na ethi yake bila kubonyeza chochote, mita inapaswa kuonyesha karibu omu 100,000. Kitufe cha kutafuta stesheni mbele hushuka hadi karibu sifuri, cha kurudi nyuma huonyesha takriban omu 330, cha kuongeza sauti takriban 1,000, na cha kupunguza sauti takriban 3,100. Waya wa pili hufuata ngazi hiyohiyo kwa kitufe cha kubadilisha chanzo cha sauti, vitufe vya simu na kitufe cha kuamuru kwa sauti.

Ukiielewa ngazi hiyo, dalili ambazo watu huziona kama uchawi huwa wazi. Chukua dereva anayebonyeza kitufe cha stesheni ya mbele na redio ikarudi nyuma. Chini ya mpira wa kitufe hicho kuna kidonge cheusi cha kaboni ambacho hugusa bamba la saketi. Vumbi na mafuta ya mikono vikijikusanya hapo huongeza ukinzani, na omu 300 za uchafu zinatosha kuifanya redio isome kitufe kingine kabisa. Chukua tena redio inayojipunguza sauti yenyewe baada ya gari kuoshwa. Maji ya sabuni yaliyopenya yameweka njia ya umeme kati ya nyaya mbili, na njia hiyo ikiwa na ukinzani wa omu 3,000 hivi, redio inaamini kwamba kuna mtu ameshikilia kitufe cha kupunguza sauti bila kukiachia. Dalili ya namna hii haitokani na waya uliokatika. Waya ukikatika hunyamazisha tu.

Kwa hiyo, kitufe kimoja kikifa na wenzake wa waya uleule wakiwa wazima, klokspringi haina kosa. Vitoe vitufe, uvifungue taratibu juu ya kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee, usafishe bamba na vidonge vya kaboni kwa alkoholi ya isopropili na kijiti cha pamba, kisha uviache vikauke kabla ya kuvirudisha. Usitumie mafuta ya kulainishia kutu. Yanaacha utando unaokamata vumbi, na baada ya wiki chache utakuwa pale ulipoanzia. Kidonge cha kaboni kilicholika kabisa hakisafishiki, na hapo ndipo kununua seti ya vitufe kunapokuwa na maana. Nawaomba pia wanaoosha magari wasielekeze maji wala dawa ya kung'arisha dashibodi moja kwa moja kwenye vitufe. Kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha.

Upande mzima ukinyamaza, kwa mfano vitufe vyote vya simu wakati vya sauti vinafanya kazi, pima ukinzani kwenye soketi ya vitufe vyenyewe kwanza, halafu upime upande wa pili wa klokspringi. Vipimo vikiwa sahihi mahali pa kwanza na vikapotea mahali pa pili, umekipata kilipokatikia.

Redio inaitika lakini kidhibiti mwendo kinakataa

Mkono wa kidhibiti mwendo una saketi yake, na mara nyingi kukataa kwake hakuhusiani na usukani. Kidhibiti hicho hakishiki gari likiwa chini ya takriban kilomita 40 kwa saa, na hujizuia chenyewe kila kompyuta inapoamini kwamba dereva anakanyaga breki au klachi. Tazama taa za breki: kama haziwaki, au kama zinabaki kuwaka bila kukanyaga, rekebisha swichi ya breki kwanza. Msimbo P0571 huelekeza kwenye swichi hiyo, na P0500 huelekeza kwenye kihisi cha mwendo. Katika gari la gia za mkono angalia pia swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya klachi. Mkono wenyewe hupimwa kwa mita kama vitufe vingine.

Vitufe vinavyofanya kazi lakini haviwaki usiku vina tatizo la mwanga tu. Angalia fyuzi ya taa ndogo.

Kuufungua usukani kwa usalama

Mfuko wa hewa hufunguka kwa baruti, na baruti hiyo huwashwa na umeme mdogo sana. Zima gari, toa ufunguo, fungua kichwa hasi cha betri, kisha usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu, kwa sababu kompyuta ya mfuko wa hewa huhifadhi umeme wa akiba. Muda huo upimwe kwa saa. Soketi zote za rangi ya njano ni za mfumo huu, na kamwe usipime mfuko wenyewe kwa mita, hata kwa mita ndogo ya betri, kwa kuwa umeme wa mita unaweza kuuwasha.

Katika Vigo kifuniko cha mfuko hushikiliwa na skrubu mbili zenye kichwa cha nyota, moja kila upande wa usukani, nyuma ya vifuniko vidogo vya plastiki. Zilegeze, uvute mfuko kuelekea kwako, unyanyue kifungio kidogo cha soketi ya njano kwa bisibisi bapa nyembamba, kisha utenganishe na waya wa honi. Mfuko uwekwe ukitazama juu, mbali na watu, wala usilaliwe na kitu. Nyoosha magurudumu, weka alama kwenye usukani na shafti, ulegeze nati ya katikati na uutoe usukani kwa pula, yaani kifaa cha kuuvuta. Kuupiga nyundo kunaumiza nguzo.

Klokspringi ikishatoka na soketi zake zikiwa zimetenganishwa pande zote mbili, sasa unaweza kupima kila mstari wake kuanzia upande mmoja hadi wa pili. Kila mstari uonyeshe ukinzani ulio karibu na sifuri, na ubaki hivyo unapoizungusha taratibu ndani ya mipaka yake. Mstari mmoja ukiruka, kifaa kizima kibadilishwe. Nimeona watu wakiunga utepe kwa risasi ya kuchomelea, na muungo huo hauvumilii kukunjwa mara mamia kwa siku. Klokspringi iliyotoka katika gari lililopata ajali nayo sishauri kuinunua, hata bei ikivutia kiasi gani.

Kifaa kipya kiwe na idadi ileile ya pini na soketi za umbo lilelile. Kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza, kihisi cha pembe ya usukani huambatana na klokspringi, na baada ya kazi huhitaji kuwekwa upya kwenye sifuri kwa mashine. Klokspringi mpya nyingi huja zimefungwa na pini katikati, na pini hiyo isitolewe hadi kifaa kikae mahali pake. Kama haina pini, izungushe kwa mkono kinyume cha mshale wa saa hadi ikaze, bila nguvu, kisha uirudishe takriban mizunguko miwili na nusu hadi alama zake zikutane. Rudisha usukani kwa alama ulizoweka, kaza nati kwa nyutoni-mita 50, na unganisha betri mwisho kabisa.

Kuna njia ya mkato ambayo nimeikuta katika magari kadhaa, nayo inanisikitisha: rezista ndogo iliyochomekwa kwenye soketi ya njano ili kompyuta idhani mfuko upo, au balbu ya taa ya tahadhari iliyotolewa kwenye dashibodi. Anayenunua gari hilo baadaye hawezi kujua. Ndiyo maana kipimo cha mwisho cha kazi hii, na pia cha pikapu yoyote unayotaka kununua, ni kuitazama taa hiyo: washa swichi bila kuwasha injini, taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka kwa takriban sekunde 6, kisha izimike yenyewe. Ikizimika hivyo, kata usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, ukibonyeza honi na vitufe njia nzima.